Sima ya Chumba cha Mama

Jumapili, 4 Julai 1976

Nimenywesha sima, saruji ya sakafu yangu mpya. Asubuhi, saa sita, jioni. Magunia juu ya salo yote, pale tunapokaa na wageni, juu ya koridori yote, yakikauka naloanisha tena. Watu wa avenue yetu, mtaa huu, wanadhani sima inakauka na jua kama suruali kwenye kamba. Wajinga. Sima haikauki, inakomaa. Na ili ikomae inataka maji, kama mtoto anavyotaka ziwa la mama yake. Mbelgiji mkubwa wa reli, wakati ule niko fundi wake, alikuwa anakuja kuniuliza mimi: Radjabu, tunyweshe mpaka lini? Mimi namjibu. Yeye anaandika.

Nyumba yote sasa ina sima, isipokuwa chumba cha Mama. Mama yuko Kibombo kwa dada yake, alikwenda na treni kabla sijaanza kazi. Alivyokuwa anapanda alinishika mkono. Alisema: chumba changu kiache na udongo wake. Baba yenu alioshwa pale, maji yake yalikwenda chini pale, na miye mutaniosha pale. Kwetu ndivyo inavyofanyika. Mtu akifa, kitanda kinawekwa ndani, chini yake mnachimba mfuo, shimo refu la kupokea maji ya maiti. Nikasema ndiyo Mama.

Ndiyo ni neno fupi.

Jumatano, 7 Julai

Nimeondoa magunia. Hakuna ufa hata mmoja. Nimetembea juu yake na viatu vya kazi, halafu pekupeku. Kama kutembea juu ya sahani.

Siri ni mchanga. Athumani jirani yangu alichota mchanga wa ukingoni, pale wanawake wanafulia nguo. Una tope, una sabuni. Sima yake sasa inatoa vumbi kila siku, ukifagia ni kama unafagia unga. Mimi nilikwenda na mtumbwi mpaka kisiwa cha mchanga katikati ya mto. Nikausugua mkononi: ukiacha rangi kwenye kiganja, unaukataa. Halafu niliuosha kwenye pipa mpaka maji yakatoka safi ya kunywa. Kiboko alitoka majini akanitazama nikichota. Nikamtazama. Akarudi chini mwenyewe.

Sima yenyewe ni ya Kalemie. Mfanyabiashara mmoja wa Butembo, mwenye duka sokoni, nilimjengea ghala, akanilipa kwa mifuko. Kila mtu anataka kujua niliipata wapi. Nawaambia vitu tofauti.

Kulainisha ni kwa chupa. Sima ikianza kushika unapiga magoti, unaviringisha chupa ya bia, polepole, mpaka inang'aa. Goti la kushoto limevimba. Sijali.

Jumamosi, 10 Julai

Salongo, kazi ya lazima ya serikali. Sote tumekata majani ya barabara. Baadaye shefu wa avenue akaja kuona nyumba yangu, na watu nyuma yake. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nilifurahi sana. Alisema komisere wa serikali atapita kuangalia usafi wa nyumba, na avenue yetu itaonyeshwa nyumba yangu. Yangu!

Halafu akasukuma mlango wa chumba cha Mama. Udongo, mashimo ya panya, vumbi.

"Sitwaye Radjabu," akasema, mwananchi Radjabu, kama serikali inavyotaka tuitane, "huku Ulaya, huku porini?"

Watu wakacheka. Athumani alicheka kuliko wote. Akasema: "Sima ilimuishia, shefu, anaona haya kusema." Sima haikuniishia. Mifuko iko, nimeifunika na turubai.

Nimekasirika mpaka sasa.

Na kuna kitu kingine. Funza. Miguu ya Mama imeliwa na funza wa udongo ule, Mwamini anawatoa na sindano kila wiki. Mwamini ni binti ya marehemu dada yangu, njo yeye anamutunza Mama. Mtoto gani wa kiume anaacha mama yake aliwe na funza, na mifuko ya sima iko chini ya turubai?

Jumatatu, 12 Julai

Nimemwaga sima chumba cha Mama.

Mwamini alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mjomba, bibi alisema nini?" Nikamwambia bibi yako hajui mambo ya funza. "Funza njo walimuomba sima?" Ana ulimi huyo. Mke wangu Salima alichukua ndoo. Alichota maji tu.

Chumba hiki nimekifanya kuliko vingine vyote. Kwanza nilishindilia udongo kwa kipande cha reli, nusu siku, mpaka ukatoa mlio. Halafu kokoto za reli, zile nyeusi kali. Halafu beto, zege nzito, sima nyingi kuliko mchanga. Juu nikalainisha na chupa. Niliwaambia wote waliokuja kutazama: hapa tembo acheze. Kule mahali panaitwa Kama niliweka sakafu kwa bwana mmoja wa dhahabu, mti ukaanguka juu yake, mti ukapasuka, sakafu ikabaki. Hii ni ngumu zaidi ya ile. Hakuna nyundo Maniema nzima itaivunja.

Athumani hakucheka.

Jumapili, 18 Julai

Nanywesha. Sima ya Mama inageuka rangi vizuri, kijivu cha manyoya ya njiwa. Jioni nilipiga sire nyekundu, nta ya kung'arisha sakafu, salo na koridori. Kidogo kidogo, kwa kipande cha blanketi, kwa kuzunguka. Ukitia nyingi inanata na kushika vumbi. Mafuta ya mawese yakimwagika, majivu ya moto juu yake mara moja, usisubiri. Ndimu usiiache ikaribie, inakula sima. Nimewafundisha Salima na Mwamini. Salima anasikiliza. Mwamini anatazama ukuta.

Mama anarudi Jumatano. Nitamwambia ni zawadi.

Jumatano, 21 Julai

Treni ilichelewa. Mama alishuka ameshikwa na watu wawili. Amekonda. Kikohozi. Kibombo hawakunipa habari.

Nyumbani alipita salo moja kwa moja. Alifika mlangoni kwake akavua ndara. Akaweka mguu mmoja ndani. Akaurudisha.

Nilisema zawadi. Nilisema funza. Nilisema kokoto za reli. Nilisema maneno mengi.

Alimwambia Mwamini amutandikie mkeka jikoni.

Alhamisi, 22 Julai

Amelala jikoni. Jikoni ya nje, ya miti na majani, pamoja na masufuria na kuku. Mama yangu. Na nyumba yangu inang'aa kama kioo.

Nimekwenda kumwomba. Hakunitukana. Aliniuliza kama nimekula. Nikarudi ndani nikakaa peke yangu juu ya sima yangu. 

Jumamosi, 24 Julai

Komisere amekuja. Gari, askari, shefu anakimbia mbele. Watoto walipangwa wakaimba. Komisere aliingia, akatazama chini, akasema muzuri sana, nyumba ya mfano. Akaniuliza mimi ni masho, fundi wa kujenga, wa wapi. Nikamwambia nilijenga kule Lubutu daraja ambalo mpaka leo mto unaogopa kulipita. Alitabasamu. Siku nzuri kabisa ingekuwa.

Wakati wa kutoka akapita nyuma. Akamwona Mama, amekaa jikoni juu ya mkeka, blanketi mabegani, moshi umemzunguka.

"Na mama huyu ni nani?"

 Mama akajibu mwenyewe, kwa adabu:

"Miye ni mugeni, baba. Napita tu."

Komisere akaendelea na njia. Shefu alinitazama. Avenue nzima ilisikia.

Sikula chakula cha jioni.

Jumanne, 27 Julai

Juzi Salima alipiga magoti mbele yake, akalia. Mama amekubali kuingia ndani, kwa ajili ya Salima, siyo kwa ajili yangu. Amesema hivyo.

Tumeweka mikeka miwili na ngozi ya mbuzi kando ya kitanda. Lakini huu ni wakati wa kiangazi, asubuhi kuna ukungu wa mto, na sima inatoa jasho. Najua ubaya huu. Sima inashika baridi na haiiachii haraka. Katika salo ni kitu kizuri, joto la mchana unalala chini unapoa. Katika chumba cha mtu mzee anayekohoa sikukifikiria.

Kikohozi kimeshuka kifuani. Sijui kama ni baridi ya sima au ni ugonjwa aliotoka nao Kibombo. Mwamini anajua. Anasema ni sima.

Ijumaa, 30 Julai

Hospitali. Tulimpeleka na pusupusu, mkokoteni wangu wa kubebea mchanga, nimeiosha, nimeweka godoro. Njia nzima watu wanasalimia. Mama anawaitikia kama malkia. Daktari ni kijana, alisikiliza mgongo, akanivuta pembeni. Mapafu yote mawili. Dawa hakuna, labda kwa ndege ijayo, na ndege haijulikani. Akasema mrudishe nyumbani, akae na watu wake.

Nilimwambia daktari kwamba Mama aliwahi kupona homa iliyoua kijiji kizima, akaamka akaenda shamba. Daktari alisema vizuri, baba. Hakuniamini. Hii ilikuwa karibu na ukweli.

Jumapili, 1 Agosti

Leo Mama alikuwa na nguvu kidogo. Alitaka hadithi. Tangu utoto wangu ni yeye anayesikiliza hadithi zangu mpaka mwisho. Wengine wanacheka katikati, au wanaondoka. Yeye anauliza: halafu? Nilimpa ile ya chui wa njia ya Lubutu, aliyekuja kulala juu ya sakafu yangu mpya kwa sababu ya ubaridi wake, na mimi nikamwambia toka, utaacha alama za kucha.

Alicheka. Kikohozi kikamkamata. Alipotulia akaniuliza:

"Radjabu. Mutaniosha wapi?"

Nikasema Mama usizungumze hivyo. Akauliza tena. Nikasema tutafunga uzio uani, safi, na mikeka, hakuna atakayeona.

"Uani? Miye ni mbuzi?"

Nikasema basi kwa Athumani, chumba chake cha nyuma kina udongo.

"Nimufie Athumani nyumbani kwake? Nyumba ya bwana yangu iko, nitoke humu nikiwa muchafu, nikaogeshwe kwa watu?"

 Akafumba macho. Nilidhani amelala. Akasema, bila kufungua macho: "Vunja."

Jumatatu, 2 Agosti

Nimevunja tangu asubuhi. Mama tumemhamishia salo kwa sababu ya vumbi.

Haivunjiki.

Nyundo kubwa inaruka mkononi, inarudi kwenye uso wangu. Tindo la kwanza limejikunja ncha kama msumari. La pili limetoa cheche. Jua likiwa juu nilikuwa nimetoa ganda la juu tu, upana wa sinia. Chini yake kokoto za reli, zimeshikana na sima kama meno na ufizi.

Mwamini aliniletea maji. Akatazama shimo. "Mjomba," akasema, "maneno yako yote ya miaka yote, moja tu lilikuwa kweli. Na ni hili la nyundo."

Nilitaka kumpiga. Nilikunywa maji.

Jumanne, 3 Agosti

Mlio wa nyundo unasikika mpaka sokoni. Watu wanasimama nje. Nimesikia kwa masikio yangu kupitia dirisha: anamuchimbia mama yake shimo angali anapumua. Mwingine: anamuharakisha. Wanawake walipita wanatema mate.

Mwalimu wa msikiti amekuja. Mtu mpole. Alikaa karibu na Mama, akamwambia kwamba shimo la ndani ni desturi tu ya wazee wetu, siyo sharti la dini, maji yanaweza kwenda popote na Mungu anapokea. Mama alimshukuru sana. Halafu akamwambia:

"Mwalimu, ya Mungu sikuuliza. Nauliza ya nyumba yangu."

Mwalimu alikunywa chai akaondoka.

Nilipoacha kidogo kupumzisha mikono, Mama aliita toka salo: "Mbona nasikia kimya?" Nikaendelea. Viganja vimepasuka. Naandika hii na kalamu nimeishika kama kijiko.

Athumani alikuja jioni na nyundo yake. Sikumwita. Alivua shati. Tulipiga kwa zamu, yeye, mimi, yeye, mimi. Hakufanya mzaha hata mmoja. Ningependa angefanya.

Jumatano, 4 Agosti

Tumefika. Kokoto ya mwisho ilitoka kama jino. Chini, udongo mwekundu, mkavu, ule ule.

Nilikata sima kwa urefu wa kitanda, upana wa mtu mmoja kupita. Kingo zimekaa vibaya, zina meno. Mimi ambaye kingo zangu unaweza kupiga mstari nazo. Nikachimba udongo mpaka kufika kwenye goti. Vipande vya sima nimevitupa nyuma ya nyumba.

Tulimleta Mama. Aliomba kuketi kwenye ukingo. Salima alimshika. Alichukua udongo, akauponda kwa vidole, akanusa. Akasema una harufu ya kiatu changu. Akatabasamu. Halafu kitanda kikawekwa juu, na yeye juu ya kitanda.

Analala juu ya shimo lake na anakoroma. Mimi sikuweza kukaa mle.

Ijumaa, 6 Agosti

Mama amekufa asubuhi, chai ikiwa motoni. Nilikuwa namshika mguu. Nilihisi mguu unakuwa mzito.

Waoshaji wakaja, Mama Zubeda na wenzake wawili. Wanaume tukatoka. Mlango ukafungwa. Nilikaa koridori, mgongo kwenye mlango, nikasikia maji yakimwagwa, na wao wakisoma kwa sauti ya chini.

Halafu sauti ya Mama Zubeda: "Maji hayaendi."

Nilielewa mara moja. Ule udongo niliushindilia kwa kipande cha reli mpaka ukatoa mlio. Nilichimba mpaka kwenye goti, lakini chini ya pale bado ni mgumu kama ukuta. Maji ya mama yangu yamesimama chini yake kama maji ya beseni, na mimi siruhusiwi kuingia.

Nikasema kupitia mlango: chimbueni chini, tumieni panga, upande wa ukuta ni laini.  Nilisikia Mwamini akiingia na panga. Nikasikia akichimba. Alikuwa analia na kuchimba, kwa nguvu, kama mtu anayepalilia shamba la mtu mwingine. Muda ulipita. 

Halafu Mama Zubeda akasema: "Aya. Yameanza kwenda."

Nikaweka paji la uso juu ya sima ya koridori. Ilikuwa baridi.

Tumezika baada ya sala ya Ijumaa. Watu wengi. Shefu alikuja, akavua viatu mlangoni. Sikumtazama.

Jumatatu, 9 Agosti

Kilio kimeisha. Wageni wamemwaga mawese salo, na wali, na moto umeunguza sehemu mbili. Hakuna aliyetia majivu. Nimeyaacha.

Nimefukia mfuo kwa udongo ule uliotoka. Haukutosha kujaa, udongo huwa hautoshi kurudi. Nimeongeza wa nyuma ya nyumba.

Jumapili, 22 Agosti

Nimeanza kazi ya sakafu tena. Madoa ya mawese yametoka nusu tu, kwa majivu na sabuni na siku mbili za kusugua. Penye kuungua patabaki. Nimepiga sire salo. Koridori bado.

Chumba cha Mama sima yake sijaipiga sire. Naifuta kwa kitambaa kilicholoa. Katikati kuna udongo, mrefu, kingo zenye meno. Pale nanyunyiza maji kwa mkono asubuhi, kidogo, vumbi lisipande, nafagia kwa fagio laini. Umeanza kulala sawa na sima. Kuna mfuko mmoja umebaki chini ya turubai. Salima aliuliza mara moja kama nitaziba. Nikamwambia ampe Athumani, aweke upya mbele ya mlango wake.

Leo mfanyabiashara wa Butembo alikuja kutoa pole. Hakuwepo siku za kilio. Nilimtembeza nyumba, alitaka kuona sima yake ilifanya nini. Akafika pale akasimama. "Na hapa, mzee Radjabu, kulitokea nini?" Alikuwa tayari anatabasamu, ananijua. Alivuta kiti kabisa.

Nikamwambia: Mama yangu aliogeshwa hapa.

Alisubiri hadithi iendelee. Halafu akarudisha kiti mahali pake, tukatoka nje kunywa chai.

Mvua ya kwanza imekuja mchana. Fupi. Kisha jua.